Wanja Wako Kwenye Sampuli Tupu

Mama,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Najua sitasikia marahaba, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia. Ungeniuliza nimelelewa na nani.

Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike, na kichwa changu hakijatulia. Sumaiya wangu, mjukuu wako, hajambo, nakuambia hilo kwanza usije ukashtuka mbele ya safari. Ametimiza miaka mitatu, anaongea kama mtu mzima. Lakini kuna jambo lilimpata, na lilitoka mikononi mwako, na mtu wa kumuuliza ni wewe peke yako.

Baada ya arobaini niliingia chumbani kwako kupanga vitu. Nguo tuligawa. Kichupa chako cha wanja wa manga, ule uliokuwa unautengeneza mwenyewe, nikakichukua mimi. Unajua nilikuwa sipaki, mpaka ukawa unasema nina macho ya mtu aliyetoka wodini. Sasa nikaanza kupaka kila asubuhi kabla ya kazi, kwa sababu wanja ule ulinukia karafuu, na wewe ulinukia hivyo. Nikijitazama kwenye kioo naona macho yako. Ilinisaidia, Mama. Sijui nisemeje zaidi ya hapo.

Kazi yangu hukuwahi kuielewa. Wageni wakikuuliza ulikuwa unajibu, "Rukia anapika maji." Haukuwa uongo sana. Tunaletewa maji ya visima, udongo wa mashamba ya zabibu kule Hombolo, wakati mwingine unga, na sisi tunatafuta metali ambazo jicho haliwezi kuziona. Kuna mashine inachukua tone moja tu, inalipasha moto ndani ya kijibomba mpaka linageuka mvuke, halafu mwanga wa taa maalumu unapita katikati. Kila metali inameza mwanga wake. Mwanga uliopungua ndio unaotuambia kuna kiasi gani. Na kila siku, kabla ya sampuli za watu, tunapima sampuli tupu, yaani maji yetu safi na tindikali yetu safi, bila kitu kingine. Hiyo ikionyesha metali, basi uchafu ni wetu wenyewe, na majibu yote ya siku hiyo hayafai.

Sampuli tupu zangu zikaanza kuonyesha risasi.

Siku ya kwanza tukasema chupa hazikuoshwa vizuri. Tukaziloweka upya kwenye tindikali. Siku ya pili tukabadilisha maji, ya tatu glavu. Kaka Mathayo, yule mwenzangu aliyekuletea papai ulipolazwa, aliandaa ya kwake kwenye meza ileile, ikatoka safi. Yangu ikatoka na risasi. Akaniambia taratibu, "Dada, kila ukiandaa wewe, tupu siyo tupu." Mkuu wetu akafuta majibu yangu yote ya udongo wa Hombolo. Miaka tisa kazini, Mama, sijawahi kufutiwa hata jibu moja. Nilianza kujiogopa.

Nikatoka hadi kwenye korido nikalia. Niliporudi, Mathayo akanitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu. "Nyoosha vidole," akasema. Vilikuwa vyeusi, nimefutia machozi. "Hiki ulichopaka ni nini?"

Nikamjibu, "Wanja wa mama yangu." Nilisema kwa ukali, kama mtu aliyetukaniwa mzazi.

Kesho yake nilikwenda na kichupa. Tulichukua wanja kidogo, kama punje ya sukari, tukauyeyusha kwenye tindikali ya moto, tukachuja, tukaongeza maji. Mashine ikasema risasi ni nyingi mno, haiwezi kuisoma. Tukaongeza maji tena, na tena, na tena. Nilirudia mara tatu kwa mikono yangu, nikitafuta kosa. Sikuwahi kuomba kosa maishani kama nilivyoliomba siku ile. Mathayo alinisogezea kiti.

Nikiwa nimekaa pale ndipo nikamkumbuka Sumaiya. Ulimpaka tangu siku ya saba. Macho, nyusi, na pale kitovuni ili kikauke upesi. Ulipaka kila Ijumaa na kila alipopatwa na mafua. Na mwaka wako wote wa mwisho tumbo lilikuwa linamsokota, hapati choo, amepauka, tukasema minyoo. Wewe mwenyewe ulimtafutia dawa ya minyoo mara mbili.

Hospitali walichukua damu yake, ikapimwa. Ilikuwa na risasi. Daktari aliniuliza nani alikuwa anampaka mtoto wanja. Nikasema mimi. Mama, nilimdanganya daktari, na sijui nilifanya hivyo kwa ajili yako au kwa ajili yangu. Akanifokea kidogo, na ule ukali wake nikaupokea kama zawadi, kwa sababu haukukufikia wewe.

Nilidhani yangeishia hapo. Lakini jirani yetu Mwajuma akajifungua, na Mama mkubwa Mwanaidi, dada yako, akasema atampelekea mtoto wanja wa marehemu, iwe sadaka yako. Kumbe anao nusu kopo, ulimwachia. Na si Mwajuma peke yake. Nusu ya mtaa wetu wamekua na wanja wako machoni. Nilikaa siku mbili bila kula vizuri. Nikinyamaza, mtoto wa watu ataumia. Nikisema, nitakutaja wewe, na huna mdomo wa kujitetea.

Nikaenda. Wanawake walikuwa wamekaa uani kwa Mwajuma, mtoto amelala mkekani, na Mama mkubwa ameshafungua kopo. Nikasema, "Mama mkubwa, usimpake. Nimeupima. Una risasi."

"Risasi ya bunduki?" akauliza, na wengine wakacheka. Nikaeleza kwamba ni metali hiyohiyo, inaingia mwilini kidogo kidogo, inamharibu mtoto damu na akili. Kicheko kikaisha. Mama mkubwa akasimama. "Mama yako hana hata mwaka kaburini. Leo unamwita muuaji mbele za watu?"

Sikuwa nimesema hivyo. Lakini sikuweza kusema kwamba sijasema hivyo. Unaelewa? Halafu nikasema, "Sumaiya ana risasi kwenye damu. Mama alimpaka, na mimi nilimshikilia kichwa." Mwajuma akamnyanyua mwanawe, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Sijui mpaka leo alikuwa anaukimbia wanja au ananikimbia mimi.

Mama mkubwa hakuniongelesha wiki tatu. Kisha siku moja akaja kazini, kwenye geti, na kibuyu kidogo mkononi. Akasema, "Huu alinitengenezea nilipoolewa. Upime na huu, uone kama mdogo wangu alikuwa mtu mbaya." Mkuu wetu aliruhusu. Niliuyeyusha mbele yake, amekaa na buibui lake juu ya stuli, anaitazama mashine kama mtu anayesubiri hukumu.

Ulikuwa safi. Masizi matupu na mafuta.

Nikamwonyesha ile karatasi, nikamwuliza imekuwaje. Ndipo akaniambia. Zamani ulikuwa unakinga masizi ya taa ya mafuta juu ya sahani, siku nzima kwenye moshi. Pumu ilipokuzidi, ukashindwa. Ndipo mchuuzi mmoja sokoni akakuuzia jiwe linalong'aa, akaapa kwamba ndilo hasa linalotumika Makka. Ukalitwanga kwenye kinu, ukaongeza karafuu zako. Kumbe ulibadilisha kwa sababu ulikuwa unapumua kwa shida, na hukutaka mtu akose. Mbona hukuniambia? Na mimi ninayepima udongo wa watu, mbona sikuwahi kuuliza kilichokuwa kinatwangwa kwenye kinu cha nyumbani kwetu?

Kuna swali lingine, nalo ndilo linaloniamsha. Ile mikono yako iliyokuwa inatetemeka, na figo. Ni miaka yako tu, au ni lile jiwe? Kitana chako bado kilikuwa na nywele. Nilizileta kazini, nikazitia kwenye chupa safi, nikaishika tindikali. Mathayo akaniambia ukweli, kwamba nywele za mtu aliyeshika wanja kila siku haziwezi kutuambia kipi kimetoka ndani ya mwili na kipi kimetoka nje. Ningepata namba tu, siyo jibu. Nikazirudisha kwenye karatasi. Ijumaa nilikuja kuzifukia pembeni ya kaburi lako, na nilipomaliza sikujua kama nimekuheshimu au nimeogopa.

Wanja wenye jiwe tumeukusanya kwenye nyumba kumi na moja. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa anabisha hodi, mimi nyuma yake. Nyumba mbili walikataa kutoa. Tutarudi.

Damu ya Sumaiya imepimwa tena. Inashuka. Daktari alitabasamu, nami nikatabasamu, halafu nikashindwa kuendelea, kwa sababu kinachomtoka mwilini ni kitu ulichomwekea wewe kwa kidole chako, ukimsomea dua. Nafurahi, na nakulilia, kwa wakati mmoja. Sijui kuna neno gani la hali hii.

Nakuahidi hivi. Kwa daktari nitarudi nikaseme kweli ni nani alimpaka. Sumaiya akikua nitamwambia yote, jiwe na dua, bila kuficha kimoja ili kingine kipendeze. Lala salama, Mama. Mungu akuangazie kaburi lako, na kama huko watu huelezwa mambo, basi uelezwe kwamba hukujua.

Mwanao,
Rukia