Mguu wa Nyuma wa Stendi

Jumanne. Mvua imepiga mabati tangu alfajiri, na hapa Bomani matope yamefika hadi mlangoni mwa karakana yangu. Leo sijashika randa. Sina raha, na sababu naijua.

Mimi ni fundi seremala, mwaka wa kumi na moja sasa. Wiki mbili zilizopita alikuja Mwalimu Neema, aliyehamishiwa hapa Tarime kutoka Dodoma. Alitaka stendi ya mbao ya kuwekea tangi la samaki. Si tangi la mchezo: kioo chake kina urefu wa mita moja na nusu, na likijaa maji linakaribia uzito wa ng'ombe dume. Mama yake amepooza upande wa kulia kwa kiharusi, hatoki nje. Mwalimu alitaka awe na kitu cha kuangalia kutwa.

Nilifanya kazi nzuri. Nasema kweli, ilikuwa nzuri mpaka Ijumaa. Nilikuwa natoboa tundu kwenye mguu wa mwisho kwa patasi, mbao ikapasuka kutoka juu karibu hadi katikati. Ilikuwa bado mbichi. Nilijua ni mbichi tangu siku nilipoichagua.

Ningeweza kumwomba mwalimu asubiri. Sikumwomba. Niliujaza ule ufa kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga misumari mitatu, nikapaka vanishi. Mguu huo nikaufanya wa nyuma, utakaokaa upande wa ukutani.

Hakuna ambaye angeuona.

Jumamosi niliipeleka nyumbani kwake, tukaweka tangi, tukajaza maji. Mwalimu alinisifu mbele ya majirani. Kisha akasogeza kiti cha mama yake karibu kabisa, magoti ya yule mama yakagusa stendi. Niliona. Nikaaga, nikaondoka.

Tangu hapo narudisha sahani imejaa. Leo mchana mke wangu, Ghati, aliacha kula akanitazama.

"Baba Chacha, unaumwa au kuna kitu umefanya?"

Nikamweleza yote. Hakunilaumu. Alisema tu, "Na yule mama hawezi kukimbia."

Nilichukua pimamaji nikaenda kwa mwalimu kwa miguu, mvua ikininyeshea.

Mwalimu alikuwa amesharudi kutoka shule, akanifungulia. Nilimkuta mama yake kwenye kiti chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida, neno likitoka vipande vipande, halafu akanionyesha samaki kwa mkono wake mzima. Nililaza pimamaji juu ya fremu. Kiputo cha hewa ndani yake kikakimbilia mbele; kona ya nyuma ilikuwa imeshuka. Nikamulika kule ukutani kwa simu. Ufa ulikuwa umefunguka, ncha ya kidole ingeingia.

"Mwalimu, tumtoe mama hapa, halafu tutoe maji," nikasema. "Mguu wa nyuma umepasuka."

"Umepasuka lini?"

"Ijumaa."

"Kwa hiyo Jumamosi ulijua."

"Nilijua."

"Na ulimwona mama alipokaa."

"Nilimwona."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Tulimsogeza mama hadi upande wa pili wa sebule, tukaanza kuchota maji kwa ndoo na kuyamwaga nje. Samaki tuliwatia kwenye beseni la kufulia. Mama alidhani tunamnyang'anya. Alilia bila sauti, akinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyeshika ndoo. Mwalimu alimweleza mara mbili. Sijui kama alielewa.

Tulipomaliza niliomba nitengeneze upya kwa mbao kavu. Nilitegemea kufukuzwa. Nilistahili.

Mwalimu alifuta mikono kwenye kanga yake. Kisha akasema, "Tengeneza. Ukiileta, tutajaza maji mpaka juu. Halafu utakaa wewe kwenye kiti cha mama, asubuhi hadi jioni. Ndipo nitakapoamua."

Nimekubali. Fundi mwenzangu ana mbao za mninga zilizokaa darini kwake tangu mwaka juzi, ameniruhusu nikachague. Kesho naanza na miguu, yote minne.

Sina wasiwasi na kukaa kwenye kile kiti nikimaliza. Kinachonisumbua ni kingine, na nimekiandika hapa kwa sababu hata Ghati sijamwambia.

Kama Jumamosi mwalimu angeniambia nikae pale, ningekaa?