Zege la Yunisi

Jumatatu, 2 Juni 2025
Yunisi amekufa. Saa kumi na moja alfajiri, presha. Miaka ishirini na sita tumekaa wote. Nimempigia msimamizi wetu, Lusubilo. Kasema pole sana, zege la barabara linamwagwa kesho kama kawaida.

Alhamisi, 5 Juni
Jana tumemzika nyumbani Iyula. Leo Lusubilo kaja na mifuko sita ya mchanganyiko wetu wa barabara ya majaribio — saruji kidogo, majivu ya makaa ya mawe kutoka kiwandani, kokoto za zege la zamani lililosagwa. "Mjengee mkeo, kaka." Nimejengea kaburi leo leo. Priska, mdogo wake marehemu, kanuna. Watu wanasubiri mwaka, udongo ulale kwanza. Mwaka? Mifuko ingeibiwa.

Jumamosi, 14 Juni
Tunduma, kazini. Mhandisi Fortunata katufundisha: zege hili halifi. Likichoka unalivunja, unalisaga, unalimwaga tena. Nikamuuliza ni zege tu au na vitu vingine. Kakohoa.
La barabarani lilitakiwa kukaa siku ishirini na nane bila gari. Foleni ya malori ya Zambia ikawa ndefu, wakubwa wakafungua juzi. Siku ya tisa.

Ijumaa, 27 Juni
Limepasuka kutoka huku mpaka kule. Wakubwa wanasema ni majivu. Fortunata anasema ni malori. Wakaenda kuchukua vipande vya zege lile lile vya kupimia ugumu, vilivyotunzwa kwa ubishi kama huu. Havipo. Mama Ruti anayetupikia kavifanya mafiga. Wiki mbili motoni, havipimiki tena.
"Si mlisema vinavumilia?" kauliza.
Maharage yalikuwa mazuri lakini.
Kazi imesimama. Watu arobaini tuko nyumbani.

Jumanne, 8 Julai
Fortunata na Lusubilo wamefika Iyula. Fortunata kalizunguka kaburi mara mbili, kapapasa. Hakuna ufa hata wa unywele. Anasema ndilo zege pekee la mchanganyiko ule ambalo halijakanyagwa na malori. Anaomba kutoboa kipande kimoja, upana wa kopo la maziwa. Kikiwa kigumu, kosa ni la malori, arobaini wote tunarudi. Kikiwa laini, mradi unafungwa.
Priska kasimama. "Shemeji, dada yangu amekuwa maabara?"
Nimesema watoboe upande wa miguu. Kichwani hapana.
"Basi kesho nakaa juu yake," Priska kasema. "Mtoboe na mimi." Kaenda kutafuta mkeka kabisa.
Yunisi alikuwa ananiambia zege naliamini kuliko yeye. Nilikuwa nakataa.
Fundi wao wa kutoboa namjua. Mkono unamtetemeka, atalipasua lote. Nimemwambia Fortunata mashine naishika mwenyewe.
Kesho narudi kazini.