Shemeji Alitia Oili ya Injini Kwenye Kopo la Breki, Niseme au Ninyamaze?

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kichwa, maana mikono yangu haina shida. Mimi ni mpakiaji katika kiwanda cha matofali, mbali sana na kwetu, shule niliiacha mapema lakini spana naijua, na lori likigoma hapa kazini naitwa mimi kabla ya fundi. Aliyenitafutia kazi ni shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, yeye ndiye dereva wa hilo lori, na chumba ninacholala ni chake, godoro ni lake, hata jiko ni lake, kwa hiyo uelewe kwamba namsema mtu aliyenipokea.

Wiki hii klachi ilikufa. Ukikanyaga pedali inazama na kubaki huko huko, gia haziingii, nikalala chini ya lori nikaona silinda ya chini, ile ndogo iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi kuisukuma klachi, inavuja. Mama mwenye lori akanunua mpya. Nikafungua paipu, nikalegeza bolti, nikaichomoa ya zamani, na nilipoitoa raba yake ya ndani nikashangaa, imevimba na kulegea kama mkate uliolowa chai, na mafuta yaliyotoka ni meusi, yananuka injini. Nikafunga silinda mpya, nikajaza mafuta ya breki, na kwa kuwa kutoa upepo ulioingia kwenye paipu kunataka watu wawili, shemeji akapanda kukanyaga.

"Pampu, shemeji! Pampu! Haya, shikilia!"

"Nimeshikilia bwana, usinifokee kama mkeo!"

Pedali ikapanda, gia zikaingia bila kunung'unika. Kazi yangu naiamini. Ndipo nikamuuliza polepole alikuwa ameongeza nini kwenye kopo la mafuta ya breki kabla klachi haijafa.

"Yalipungua, nikatia oili ya injini iliyobaki. Oili ni oili, zote zinateleza."

"Shemeji, hiyo inaua raba."

"Juzi tu umekuja kubeba matofali, leo umeshakuwa profesa wa klachi?"

Tukacheka wote, lakini kicheko changu hakikufika mbali, kwa sababu kwenye lori hili kopo ni moja, linalisha klachi na linalisha breki, na breki zimeshaanza kukaza, ukiachia pedali magurudumu hayaachii, yanapata moto, na breki zikichemka hivyo mlimani hazishiki tena. Nilipomwambia hivyo akaacha kucheka, akanishika bega. "Mdogo wangu, mama akijua ananifukuza leo leo. Dada yako na watoto watakula nini? Klachi si imepona? Nyamaza." Na mama mwenye lori kafurahi, kasema matofali yakikauka tu lori lipakie literemke mlima kwa wateja, na sisi wapakiaji hukaa juu ya mzigo. Nikisema nitakuwa nimemtupa aliyenipokea, nikinyamaza raba za breki zinaendelea kuvimba, na dada kanipigia simu, hajui kitu, ananikumbusha nimheshimu mumewe. Nifanyeje?

Mpakiaji

JIBU

Marahaba, Mpakiaji. Pole kwa kazi, na hongera kwa klachi. Mimi gari naendesha tu, ya chini yake siyajui, lakini umenieleza mpaka nimeuogopa mlima huo nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Sasa nikugombeze. Raba umeiona, mafuta umeyanusa, joto la magurudumu umelishika kwa mkono wako, halafu unaniuliza kama useme? Jibu unalo. Unachotafuta ni mtu wa kukubebea lawama. Haya, nipe, nitaibeba.

Shemeji yako si mtu mbaya. Kutia oili ile alikosea kwa kutojua, na hilo linasameheka. Kukunyamazisha baada ya kujua ni jambo jingine. Nawe humlipi fadhila zake kwa kumwacha ashike usukani wa lori lisilosimama.

Leo, kabla hamjala, mwambie: "Shemeji, asubuhi tunakwenda kwa mama. Unaongea wewe, mimi nasimama pembeni yako." Usiende kisirisiri. Dereva anayekiri mwenyewe ana nafasi kubwa ya kubaki kazini kuliko anayesemewa. Akikataa, sema wewe, mbele yake, na utaje na dawa: mafuta yote yamwagwe, paipu zisafishwe, raba zote za klachi na za breki zibadilishwe, na silinda mpya uliyofunga nayo ifunguliwe ikaguliwe. Breki azithibitishe fundi mwenye karakana. Najua hilo limekuudhi, bwana spana, lakini kubali. Mpaka aseme ziko sawa, funguo zikae kwa mama, na asipande mtu juu ya mzigo, hata kama matofali yamekauka mpaka yanapasuka.

Shemeji anaweza kukutoa chumbani. Ongea mapema na mpakiaji mwenzako akupe pa kulala. Na dada yako akipiga simu kukulaumu, usibishane naye, mwache alaumu mpaka achoke. Lawama za dada ambaye mumewe yuko hai zinavumilika.