Mgeni Ndani ya Kilua

Mjukuu wangu Salma,

Hatujambo. Mwanangu ameanza kuota meno, ananiuma. Wacheka kuitwa mjukuu na mtu anayenyonyesha, lakini ukoo ndio ulionifanya bibi yako, nivumilie.

Waniuliza nilizoeaje Mombasa, maana huko chuoni huna wa kusema naye.

Mimi nililetwa Mji wa Kale nikiwa bibi harusi kutoka Lamu, na mume wangu akarudi kazini melini. Nyumba ilijaa watu, nami nilikuwa peke yangu. Jioni nilishuka uani kuchuma kilua, lile ua la harufu tunalotia kwenye kikuba, kile kishada cha maua tunachovaa kifuani. Ndani yake alijibanza mbawakawa mweusi, mdogo kama chembe ya ufuta. Nilimchungulia kila nikichuma. Hakuna aliyemjua jina.

Siku moja walikuja wageni, nikavaa kikuba bila kukikung'uta. Mdudu akatoka, akanipanda shingoni. Wifi yangu akapiga ukelele: "Wewe! Hawa ndio ndugu zako wa Lamu?" Wakacheka wote. Nikamchukua, nikakimbilia uani kumrudisha, machozi yananitoka.

Mama mkwe akanifuata. Nilidhani atanigombeza. Akainama kwenye mkilua wake, akasema, "Hebu nionyeshe anapokaa."

Upweke haukuisha siku ile, mjukuu wangu. Lakini kesho yake aliniita mwenyewe: "Njoo, mgeni wako amefika."

Basi niandikie ulichokiona huko, hata kiwe kidogo vipi. Nionyeshe na mimi.

Bibi yako akupendaye