Nilijibu "Sawa"

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hautulii.

Ile kazi niliyoipata baada ya shule iko kwenye maabara ya Mzee Vioo. Jina hilo nimempa kimoyomoyo, maana vioo vyake huvifuta kwa upole kama anayemwogesha kichanga. Anapima kama mwendo wa mwanga ni uleule kila upande. Juu ya meza nzito ya jiwe, mwanga hugawanywa sehemu mbili, kila moja ikapita njia yake, kisha zikakutana na kuchora mistari myeusi. Meza huzungushwa kidogo kidogo. Mistari ikisogea, basi kuna upande ambao mwanga hukimbia zaidi.

Mimi ndiye ninayechungulia mistari kwenye lenzi. Mzee hukaa chumba cha pili na daftari, eti joto la watu wawili litavuruga vipimo. Meza ikigeuka, huuliza kwa sauti, sawa? Nami hujibu, sawa. Unanijua, dada, mkubwa akiniita ulimi hujikunja. Nilidhani anauliza kama niko tayari. Nikawa najibu kwanza, nachungulia baadaye.

Wiki ya tatu nililiona daftari. Kila upande ameandika: sawa, sawa, sawa. Yaani mistari haikusogea! Kumbe ndilo alilokuwa akiuliza. Mzee akanitania kuwa nina macho ya mwewe na mdomo wa kobe. Nilicheka huku jasho likinitoka.

Hili sijamwambia mtu. Mara mbili niliona mistari imesogea. Huenda ni mlango uliobamizwa, huenda ni mwanga wenyewe. Sikulisahihisha jibu langu. Tena hata baada ya kuliona daftari niliendelea kujibu vilevile, siku tisa. Mwanzoni sikuelewa, lakini siku hizo tisa ni uongo wangu.

Leo ripoti inatumwa, kazi yake ya miaka sita, na amesema jina langu limo. Niko kwenye benchi nje ya mlango wake. Nikisema, huenda nikafukuzwa, naye aanze upya na uzee ule. Nisiposema, watu watausoma woga wangu wakidhani ndivyo ulimwengu ulivyo.

Nisalimie mama na watoto wote. Nakomea hapa, kwa kuwa nimeshagonga, na nasikia kiti chake kikisogezwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba