Kamba Haikuwa Bima

Kwako Baba Njoki, popote ulipojificha,

Salamu sitaanza nazo. Salamu hupewa mtu aliyeaga, na wewe hukuaga. Ulitoka hapa Makongeni asubuhi na power saw ya kukatia miti begani, ukaniambia nikuwekee chai kwenye themosi. Ile chai niliimwaga mwenyewe. Simu yako kila siku ni mteja hapatikani, kwa hivyo nimeandika barua ya kusomwa na kila mtu. Popote ulipo hapakosi mkata miti. Akiiona, atakusomea.

Unakumbuka tukiwa tumeoana juzi juzi, uliponipeleka Ruiru nikuone ukifanya kazi? Ulikuwa mkaratusi mrefu nyuma ya kanisa. Kabla ya kupanda ulipiga shina kwa mgongo wa panga, ukaweka sikio. Nikacheka, nikakuuliza kama unaupigia mti hodi. Ukasema, "Wambui, mti mzima unanyamaza. Uliooza ndani unajibu kama debe." Nilikupenda sana siku hiyo, wacha niseme ukweli. Nilijiambia mwanamume anayepigia hata mti hodi hawezi kunivunjia nyumba. Ona sasa.

Na yule ajenti wa bima aliyekuja kanisani kwetu, unamkumbuka? Baada ya ibada aliwaita nyote mnaojitegemea, fundi wa stima, fundi wa mabomba, wewe wa miti. Akaeleza polepole kwamba kazi yako ikimuumiza mtu mwingine, au tawi likibomoa ukuta wa jirani, kuna bima inayomlipa huyo mtu. "Ni kama ile ya gari," akasema. "Haikulipi wewe. Inamlipa yule uliyemgonga." Wewe ukasimama na kifua mbele: "Dada, mimi sijawahi kuona mti ukiovateki!" Kanisa lote likacheka. Njiani nikakusihi umtafute yule dada. Ukaniambia kamba yako ndiyo bima, na kamba ikishindwa, kuna chama.

Chama. Haiya! Kila mwisho wa mwezi wakata miti wa Thika na Ruiru mnakutana, mnachanga, mnachoma nyama. Mliona vile kinazika wenzenu, na hema nzuri na basi la kwenda Murang'a, mkadhani mmemaliza mambo ya kujikinga. Wote mlikuwa mnaangalia juu, anayeweza kuanguka. Hakuna aliyemfikiria anayepita chini.

Mambo ya siku ile kule Membley nilielezwa na Kamotho, mwenzako aliyekushikia kamba. Mwenye nyumba aliyekuita alikuwa na ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake, na tawi la jakaranda lilikuwa linazuia hema. Watu wa hema walishafika, lori liko getini, yeye anaangalia saa. Ulichukua panga upige hodi kama kawaida yako. Akakwambia, "Fundi, hapa hatujakuja kucheza ngoma." Ukarudisha panga, ukapanda. Ngai, mtu mzima unaharakishwa na hema! Tawi lilikuwa limeoza pale linaposhikana na shina, halikungoja kamba. Lilivuka ukuta likamwangukia Mama Mwende, anayeuza mahindi ya kuchemsha nje ya lile geti.

Mwenye nyumba alitangaza mbele ya watu kwamba hakukuajiri, kwamba wewe ni mtu wa kujitegemea na ubebe mzigo wako. Power saw aliishika, eti ni fidia ya ukuta wake uliopasuka. Wageni wakaja, wakala, wakaimba. Na wewe, watu wakimtoa yule mama chini ya matawi, uliruka ukuta wa nyuma. Mwenye nyumba namchukia, sifichi. Lakini yeye si mume wangu.

Mama Mwende anakaa chumba kimoja huko Mwihoko. Naenda kumwogesha na kumfulia. Siku ya kwanza nilikwama mlangoni, sijui nianzie wapi, akaniambia, "Wewe ni bibi ya yule wa mti? Ingia, usisimame hapo." Mguu wake ulivunjika na unataka kuwekwa chuma, bila hicho daktari anasema hatatembea tena vizuri. Anakuulizia. "Mwambie sitaki afungwe," huniambia. "Nataka tu aje auangalie huu mguu." Woiye, Baba Njoki. Heri hata angekuitia polisi.

Watu wa chama walikuja. Wakasali, wakanywa chai. Mwenyekiti akasema pole sana, katiba ni ya mwanachama. Kama tawi lingekuvunja wewe, wangelipa hospitali siku hiyo hiyo, lakini mama wa mahindi si mwanachama. Nikawajazia vikombe tena, maana ningefanya nini?

Juzi mwenyekiti alirudi peke yake. Alirudisha mlango, akaongea chini chini. Mtu akipotea hivi, alisema, mke anaweza kuja mbele ya wanachama aseme amepata habari mbaya. Watafanya ibada ya ukumbusho, watachanga, na yeye atahakikisha hakuna anayeuliza kaburi liko wapi. "Hiyo pesa utampelekea yule mama atengenezwe mguu," akaniambia. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananihurumia.

Akilini nilimwona Mama Mwende amesimama na sufuria yake ya mahindi, anatembea. Nilichotakiwa ni kusema umekufa, basi. Na kwa vile ulivyotuacha, uongo wenyewe ungekuwa mdogo tu. Upande wa pili wa pazia Njoki alikuwa anafanya homework. Nikasikia kalamu yake imenyamaza.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, Baba Njoki hajafa. Ameogopa tu."

Kwa hivyo mguu wa yule mama bado haujatengenezwa, na safari hii mwenye kukataa pesa ni mimi, kwa ajili yako. Nilimweleza leo nikimwogesha, sikutaka asikie kwa watu. Alininyang'anya kitambaa cha kuogea, nikadhani atanifukuza. Kisha akasema, "Haya. Basi awe hai kweli."

Mwenyekiti amesema atapita tena mwisho wa mwezi. Wewe pita kabla yake. Anza Mwihoko, nyumbani utakuja baadaye. Mara hii nimekataa kukuzika, na nilikataa kwa shida. Akinirudia na swali lile lile, sijui nitamjibu nini.

Mimi mkeo, ambaye bado si mjane,
Mama Njoki