Mabeseni ya Ndila

Vietnam, 8 Septemba 2024

Kwa mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Mimi ni mzima, sijui wewe. Na hilo sikio la kulia, bado linagoma? Tangu simu ikushinde, nimezoea kukuandikia, nikapiga picha karatasi na kukutumia.

Leo ni siku ya tisa mvua inanyesha. Mawingu yanaingia darasani kupitia dirishani, na ninafundisha Kiingereza ndani ya ukungu. Ninaona vichwa tu vya watoto, vinaelea. Wakati mwingine nahisi ninaota huku nalipwa mshahara.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia maji yote yale kumwagika bure. Nilinunua mabeseni saba nikayapanga chini ya paa. Jirani yangu, Bibi Hoa, akadhani paa linavuja, akaniletea fundi. Fundi akapanda, akashuka, akauliza kwa ishara tatizo liko wapi. Nikamwonyesha mabeseni yamejaa, tena kwa fahari. Walitazamana vile watu hutazamana mbele ya mgonjwa. Hapa maji ni kitu cha kufukuzwa, mama.

Mwalimu mkuu anataka nitie sahihi mkataba wa miaka mingine miwili, kabla ya tarehe kumi na tano Novemba. Bado ninafikiria.

Mwanao,
Ndila

Mitaboni, 21 Septemba 2024

Kwa mwaitu Ndila,

Ulibeba jina la mama yangu, kwa hivyo mwaitu, mama yangu, ni wewe hata ukiwa huko. Habari ya kazi? Sisi tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama wa kike, jua ni kali. Habari ya mabeseni nimeicheka mpaka Loise wa dukani akaja kuangalia nina mgeni gani. Mimi ningekuongezea pipa.

Sasa nisikilize. Daktari wa Machakos amenipima. Sikio la kulia limekwisha, na la kushoto linafuata, labda mwaka mmoja. Mashine ya sikio nimejaribu, inanipigia filimbi tu. Sikuambii ili ulie. Ninauliza tu: Desemba unarudi, au unatia sahihi?

Mama yako,
Wanza

Vietnam, 4 Oktoba 2024

Kwa mama mpendwa,

Natumai unaendelea vyema. Pole sana kwa masikio. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Acha nikuchekeshe kidogo.

Nyuma ya shule kuna mteremko, na maji hushuka hapo mbio kama yana deni. Jumamosi niliazima jembe nikachimba mtaro wa kuyakinga, udongo nikautupa upande wa juu, vile tunavyofanya shambani kwetu. Ulikuwa mtaro mzuri, mama, ungeusifu. Jumatatu tulikuta maji yamefurika hadi uwanjani, na bata wa kijiji kizima wamehamia. Wanafunzi walinipigia makofi. Mwalimu mkuu aliangalia bata, akaangalia jembe lililoegemea mlango wangu, akaniuliza polepole, "Mwalimu, kwenu kuna kiu kiasi gani?"

Nilicheka sana. Halafu machozi yakanitoka mbele ya watu, na sikuweza kuyazuia.

Mwanao,
Ndila

Mitaboni, 9 Novemba 2024

Kwa mwaitu,

U mzima? Nimekaa mwezi mzima bila kukujibu. Nilikasirika, lakini kidogo tu. Nilikuuliza swali moja, ukanitumia bata. Bata nimewapenda.

Juzi mvua ya kwanza ilikuja. Nilikuwa ndani nachambua mbegu za kunde, Loise akaingia ameloa chapachapa, nikamuuliza ni nani amemmwagia maji. Kumbe mvua ilikuwa inapiga mabati juu ya kichwa changu. Nilitoka nikasimama uani, nikaiona tu ikianguka, kimya, kama mvua ya ndotoni. Ilikuwa nzuri, mwaitu, na niliogopa.

Vichekesho vyako ninavisoma peke yangu. Wewe huanza kucheka kabla hujafika mwisho wa hadithi, na mwisho hakuna anayeuelewa. Kicheko hicho nimeanza kukisahau. Kazi sikukatazi. Lakini ukitia sahihi, siku utakaporudi nitakuona ukifungua mdomo tu.

Mama yako,
Wanza

Vietnam, 12 Novemba 2024

Kwa mama yangu,

Niko salama. Sijatia sahihi.

Nimemwambia mwalimu mkuu leo asubuhi. Niliogopa kurudi bila kazi, na niliogopa zaidi kukukuta umezeeka, ndiyo maana nikawa nakuletea mizaha badala ya jibu. Unisamehe. Kazi nitatafuta nikiwa hapo. Nafika tarehe ishirini na moja Desemba.

Jana Bibi Hoa na nguruwe wa mwalimu mkuu walitufanyia kituko, walimu wote tukalala sakafuni kwa kicheko. Sikuandikii. Hicho utakisikia.

Mwanao, na mama yako,
Ndila